Ufunguo Uko kwa Nani?

Jumamosi moja kabla ya Sikukuu ya Mavuno baadhi yetu tulikuwa katika ukumbi wa parokia, kule orofani, tukipanga viti. Katika chumba cha pili akina mama wa darasa la kushona walikuwa wakiendelea na kazi yao: cherehani saba, marobota ya vitambaa, na pasi ya moto mezani. Mmoja wetu akauliza swali dogo tu. Mlango wa nyuma, ule wenye ngazi ya kushukia uani, mbona una kufuli? Tukajibiwa kwamba mwaka uliotangulia viti sita viliibwa kwa njia hiyo. Na ufunguo uko kwa nani? Uko kwa mzee wa kanisa. Na mzee mwenyewe yuko wapi? Amesafiri, atarudi Jumatano.

Kwanza tulicheka. Kisha tukanyamaza, maana kila mmoja alikwisha kupiga hesabu moyoni: mlango mmoja wa mbele, ngazi moja nyembamba ya mbao, na watu wapatao thelathini. Tulikuwa tumevilinda viti, na watu tulikuwa tumewasahau.

Tangu siku ile tumekuwa tukiliwaza jambo hili, nasi twaona lawahusu wengi: mwenye duka, mwenye karakana, mkuu wa ofisi, hata halmashauri ya kanisa. Mtu aliyewaita wengine waje kufanya kazi chini ya paa lake ana wajibu gani kwao siku nyumba itakapowaka moto? Na kama hakukusudia ubaya wowote, wala hakujua kwamba mlango umefungwa, je, ana hatia?

GHOROFA YA TISA

Swali hili liliwahi kuulizwa mahakamani, katika kesi ambayo yafaa kila mwajiri aijue. Mjini New York, Marekani, kulikuwa na kiwanda cha kushona blauzi kilichoitwa Triangle. Kilikuwa katika ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10 za jengo lenye ghorofa kumi. Siku ya Jumamosi tarehe 25 Machi 1911 watu wapatao 500 walikuwa kazini, wengi wao wasichana wahamiaji, Waitalia na Wayahudi waliotoka Ulaya ya mashariki. Yapata saa kumi na dakika arobaini alasiri, walipokuwa karibu kufunga kazi, moto ulianza katika ghorofa ya 8, kwenye mabaki ya vitambaa yaliyorundikwa chini ya meza ya wakataji.

Jengo lenyewe lilisifiwa kwamba haliwezi kuungua, na kweli halikuanguka. Hata leo lingali limesimama, nalo ni mali ya chuo kikuu. Walioungua ni watu. Kwa muda usiofika nusu saa mambo yote yalikwisha, na waliokufa siku ile pamoja na waliokufa baadaye kwa majeraha walikuwa 146.

Yatupasa kuangalia namna walivyokufa, maana huko ndiko kuna mafundisho. Wale wa ghorofa ya 8 waliuona moto kwa macho yao, na wengi wakawahi kukimbia. Wale wa ghorofa ya 10, walikokuwa wenye kiwanda na makarani wao, walipewa habari kwa simu. Karibu wote walipanda juu ya paa, na wanafunzi wa sheria waliokuwa katika jengo la jirani wakawateremshia ngazi wakavuka salama. Lakini ghorofa ya 9, palipokuwa na safu ndefu za cherehani na wafanyakazi zaidi ya 200, hakuna aliyewaarifu. Moto wenyewe ndio uliokuja kuwapa habari.

Upande mmoja wa ghorofa ile njia ilikatwa na moto. Upande wa pili mlango wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ngazi ya chuma iliyokuwa nje ya jengo ilikuwa dhaifu, ikaporomoka pamoja na watu waliokuwa juu yake. Waendeshaji wa lifti walipanda na kushuka mara nyingi kwa ushujaa mkubwa, wakaokoa wengi, mpaka lifti zikashindwa. Ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya 6 tu. Waliobaki juu walikuwa na njia mbili, moto au dirisha, na wengi walichagua dirisha.

Kwa nini mlango ule ulifungwa? Wenye kiwanda walitaka wafanyakazi wote watokee mlango mmoja jioni, ili mikoba yao ipekuliwe, asije mtu akaondoka na kitambaa. Mmoja wa wenye kiwanda alipoulizwa mahakamani kuhusu thamani ya vitu vilivyokuwa vimeibwa, alikubali kwamba haikuzidi dola 25. Dola 25 upande mmoja, na roho 146 upande wa pili. Tuliposoma habari hiyo tulikumbuka viti vyetu sita, tukaona aibu.

"SIKUJUA"

Wenye kiwanda, Max Blanck na Isaac Harris, walishtakiwa kwa kosa la kuua bila kukusudia. Jaji aliwaeleza wazee wa baraza kwamba wasiwatie hatiani washtakiwa isipokuwa wameridhika kwamba walijua mlango ulikuwa umefungwa saa ile ile ya moto. Tarehe 27 Desemba 1911 wote wawili waliachiliwa. Katika kesi ya madai iliyofuata, mwaka 1914, walikubali kulipa dola 75 kwa kila marehemu ambaye jamaa zake walidai.

Hatusemi kwamba jaji alivunja sheria. Ni vema sheria ya jinai iogope kumfunga mtu kwa jambo ambalo haikuthibitika kwamba alilijua. Ingekuwa kinyume chake, nani kati yetu angelala usingizi? Lakini mahakama ikimaliza kazi yake, dhamiri huanza ya kwake. Mahakama huuliza, "Ulijua?" Dhamiri huuliza, "Kwa nini hukujua?"

Twaona kuna kutojua kwa namna mbili. Kuna kutojua kwa mtu ambaye hakuwa na njia ya kujua, naye twamhurumia. Na kuna kutojua kwa mtu ambaye angejua kama angetembea hatua ishirini na kusukuma mlango, lakini hakutembea, kwa sababu akijua itambidi agharimie. Kutojua kwa namna hii ya pili mtu hukuchagua mwenyewe, kama vile huchagua nguo ya kuvaa.

Torati yaijua tofauti hii. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imeandikwa juu ya ng'ombe aliyempiga mtu kwa pembe akafa. Kama ng'ombe hakuwa na desturi hiyo, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ilijulikana kwamba hupiga watu, na mwenyewe alikwisha kuonywa wala hakumzuia, hapo jambo ni lingine kabisa, naye atachukuliwa kuwa mwenye damu. Na huko New York ng'ombe alijulikana. Miezi minne tu kabla ya hapo, Novemba 1910, wafanyakazi wanawake zaidi ya 20 walikufa katika moto wa kiwanda mjini Newark, ng'ambo ya mto, na mkuu wa zimamoto wa New York alikwisha kuonya kwamba hata mji wake waweza kupatwa na msiba wa namna hiyo.

Tena katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yuko mtu anayejenga nyumba mpya. Ameamriwa aweke ukingo kuzunguka dari lake, yaani lile paa bapa ambalo watu hukaa juu yake, ili mtu akianguka damu isiwe juu ya nyumba ile. Tazameni, amri hiyo haimngoji mtu aanguke. Yatolewa wakati mafundi wangali wanachanganya udongo. Wajibu wa mwenye nyumba waanza siku anapojenga, siku anapofungua milango na kusema, "Karibuni."

UDHURU MBILI

Kuna udhuru mbili zinazosikika sana, nasi hatupendi kuzipita kwa dharau.

Ya kwanza ni wizi. Ni kweli, wezi wapo. Mwenye duka dogo aliyekopa fedha ili aanze biashara, akiibiwa marobota mawili anaweza kufilisika, na watoto wake wakakosa karo. Tusimwambie mtu huyo kwamba mali si kitu. Twamwambia hivi: mlinde mwizi asiingie, lakini usimzuie mtu wako asitoke. Mambo hayo mawili yaweza kufanyika kwa mlango mmoja. Kuna vitasa ambavyo kwa nje havifunguki bila ufunguo, na kwa ndani hufunguka kwa kusukumwa tu. Kufuli na mnyororo ni rahisi kununua, lakini havina akili. Humfungia mwizi na mwenye haki pamoja.

Udhuru wa pili ni ule wa methali: ajali haina kinga. Twaisema msibani ili kufarijiana, na kwa kufarijiana yafaa. Haifai kuwa mpango wa kazi. Moto wenyewe pengine hauna kinga, maana waya waweza kuharibika usiku, au mtu mbaya aweza kuuwasha kwa makusudi. Lakini watu kufa ndani kwa sababu mlango una kufuli, hilo lina kinga, na kinga yake ni ufunguo.

Huko Karachi, Pakistani, tarehe 11 Septemba 2012, kiwanda cha nguo kiliungua na watu zaidi ya 250 wakafa. Miaka minane baadaye mahakama iliamua kwamba moto ule uliwashwa na wahalifu kwa makusudi, na wawili wakahukumiwa kifo. Wako watakaosema, basi kumbe wenye kosa ni hao. Ndiyo, aliyewasha moto ni mwuaji. Lakini madirisha yalikuwa na nondo na milango mingine imefungwa, na nondo zile hazikutiwa na wahalifu. Mtu mmoja aliuleta moto. Mwingine alikwisha kuziba njia siku nyingi kabla. Dhambi ya yule wa kwanza haimwoshi wa pili.

Wala tusidhani ni mambo ya nchi za mbali. Huko Kyanguli, wilayani Machakos, Kenya, Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la shule lililochomwa moto usiku. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Lile lilikuwa bweni, halikuwa kiwanda, lakini kufuli ni lile lile.

KARATASI UKUTANI

Siku ya moto wa Triangle alikuwako karibu mwanamke kijana aitwaye Frances Perkins. Alisikia kelele, akakimbia, akawaona watu wakiruka. Hakuyasahau maishani mwake. Tume iliundwa mwaka ule ule kuchunguza hali ya viwanda katika jimbo la New York, naye akawa mmoja wa waliofanya kazi ya uchunguzi. Katika miaka michache sheria zaidi ya thelathini zilipitishwa, zikiwamo za milango, ngazi na mazoezi ya kutoka wakati wa moto. Mwaka 1933 Perkins alifanywa Waziri wa Kazi wa Marekani, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi ile. Alikuwa Mkristo wa kanisa la jamii yetu ya Kianglikana huko Marekani, nalo humkumbuka kila tarehe 13 Mei. Twataja hayo kwa sababu wako wanaodhani kwamba mambo ya vitasa na ngazi ni ya serikali peke yake, hayana nafasi katika sala ya mtu.

Leo na nchi zetu zina sheria. Tanzania inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Kenya inayo ya kwake ya mwaka 2007, pamoja na kanuni za moto za mwaka huo huo zinazomtaka mwenye mahali pa kazi aweke utaratibu wa watu kutoka na kufanya zoezi walau mara moja katika kila miezi kumi na miwili. Huko Uingereza amri ya mwaka 2005 inataka pawe na mtu mwenye kuwajibika kwa kila jengo la kazi, atakayepima hatari ya moto na kuweka mpango. Sheria hizi zote zakubaliana kwamba wajibu lazima uwe na mwenyewe. Jambo likiwa la watu wote, mara nyingi huwa si la mtu.

Lakini sheria ina mwisho wake. Mwaka 1913, miaka miwili baada ya vifo vile, Max Blanck alikamatwa tena kwa sababu mlango wa kiwanda chake kingine ulikuwa umefungwa wakati wa kazi. Alitozwa faini ya dola 20. Na kiwanda kile cha Karachi kilikuwa kimepewa cheti cha kufuata masharti mema ya kazi wiki chache tu kabla ya moto. Karatasi ilikuwapo, mlango haukuwapo. Ofisa wa ukaguzi huja siku moja katika mwaka, naye huikuta ngazi imefagiwa na mitungi ya kuzimia moto imepangwa. Siku nyingine zote, aliyeko ni dhamiri ya mwenye jengo peke yake.

Je, na mfanyakazi hana lake? Analo. Anayepanga maboksi kwenye ngazi, anayeacha pasi juu ya kitambaa, anayecheka wengine wanapofanya zoezi, huyo naye ana sehemu yake. Lakini twaona lawama yapaswa kupimwa kwa uwezo. Kibarua wa kutwa akisema, "Bwana, mlango huu una kufuli," huenda kesho asiitwe kazini. Msimamizi akisema, pengine atanuniwa. Mwenye jengo akisema, kufuli litaondoka siku hiyo hiyo. Basi aliye na ufunguo ndiye mwenye mzigo mkubwa kuliko wote, hata kama ufunguo wenyewe umo mfukoni mwa bawabu.

MMENIHESABU?

Tuumalizie pale tulipoanzia. Mzee wa kanisa aliporudi Jumatano, hakukasirika. Alitoa ufunguo, akafungua kufuli kwa mkono wake, akaliweka mezani mbele ya halmashauri. Fundi akatia komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko bei ya viti sita. Tukaandika mpango mfupi: nani atapiga kengele, nani atahakikisha chumba cha cherehani hakina mtu, watu wakusanyike wapi, nani atawahesabu. Tulichagua chini ya mwembe, mbali na ukuta. Tukaona tumefanya vema.

Jumamosi iliyofuata tukafanya zoezi. Kengele ikapigwa, watu wakashuka kwa milango miwili bila kusukumana, wengine wakicheka kidogo. Chini ya mwembe tukahesabu, mmoja akawa hayupo. Tukatazama juu. Bibi mmoja wa darasa la kushona, anayetembea kwa fimbo, alikuwa angali amesimama kichwani pa ngazi ya nje, mkono mmoja juu ya ukingo. Mzee wa kanisa akapanda kumchukua. Bibi akamwambia kwa upole, "Baba, milango mmeihesabu vizuri. Na mimi mmenihesabu?"

Hatukuwa na jibu. Mpango wetu ulikuwa umewahesabu wenye miguu mizima. Bila kutaka, tulikuwa tumeifanya ghorofa yetu ya tisa: mahali ambapo yuko mtu, na hakuna aliyepewa kazi ya kumkumbuka. Tukarudi mezani, tukaandika tena. Sasa watu wawili, kwa majina, kazi yao ni kushuka pamoja na bibi huyo, na asipokuwapo mmoja yuko mwingine wa kushika nafasi yake. Darasa la kushona limehamia chumba kilicho karibu zaidi na ngazi.

Basi, ndugu wasomaji, twawaomba jambo moja. Wiki hii, mahali mnapofanyia kazi, au mahali mnapowafanyisha wengine kazi, ulizeni maswali haya manne:

1. Milango ya kutokea ni mingapi, na kila mmoja wafunguka kwa ndani bila ufunguo saa za kazi?

2. Moto ukianza chumba kimoja, walio katika chumba kingine watajuaje?

3. Ni nani hawezi kutoka peke yake, na ni nani, kwa jina, atakayetoka naye?

4. Mara ya mwisho kulijaribu jambo hili kwa miguu, si kwa karatasi, ilikuwa lini?

Kama wewe ndiwe mwenye ufunguo, usingoje kuulizwa. Nenda ukausukume mlango mwenyewe. Ukifunguka, mshukuru Mungu. Usipofunguka, sasa umejua.